Maua ya kivuli: anthuriamu zilistawi Juni, zikaungua Oktoba. Nimekosea wapi?

Bibi wa Mbezi aliuliza:

Habari zenu wapenzi wa bustani. Naomba ushauri wenu juu ya jambo ambalo limenishinda kwa mwaka mzima sasa, na ambalo kila ninayemuuliza hunijibu kwa neno moja tu, "panda maua ya kivuli", kana kwamba kivuli ni kimoja.

Nyumba yetu ipo Mbezi, Dar es Salaam. Mbele ya nyumba upo mwembe mkubwa ulioachwa na aliyetuuzia kiwanja, na sina nia ya kuukata wala kuruhusu mtu aukate, kwa sababu ndio unaotupoza mchana na ndipo tunapokaa jioni. Chini yake hakuna kinachoota isipokuwa majani yake yenyewe makavu. Nyuma ya nyumba, upande wa kusini, upo ukanda mwembamba wa upana wa mita moja na nusu hivi kati ya ukuta wa nyumba na uzio wa matofali wenye kimo cha mita 2.

Chini ya mwembe nilipanda mawaridi sita na bogenvilia tatu. Mawaridi yalirefuka na kukonda yakitafuta jua, majani yakafunikwa na unga mweupe wa ukungu, na ua sikuliona. Bogenvilia ziko hai, lakini ni majani matupu. Nyuma ya nyumba nilikuwa mwangalifu zaidi: mwezi wa Juni nilikwenda kupaangalia asubuhi, mchana na jioni, nikaona hapapati jua kabisa, nikanunua anthuriamu kumi na mbili kwa muuzaji wa miche kando ya barabara, naye akaniapia kwamba hapo ndipo pao. Zilistawi mpaka Septemba. Ilipofika Oktoba majani yakaanza kuwa na mabaka meupe, kisha ya kahawia kama yaliyopigwa pasi, na sasa nimebakiwa na sita. Muuzaji anasema nimezinyima maji, ilhali nilikuwa nikizimwagilia kila siku kwa maji ya kisima chetu.

Natamani vichaka vyenye kutoa maua, pamoja na maua madogo ya kujaza chini. Nina mjukuu wa miaka 2 anayeonja kila anachokishika, kwa hiyo naomba mlizingatie hilo pia.

Mtunza Kitalu alijibu:

Shikamoo mama. Mimi nimekaa kwenye biashara ya miche kwa miaka mingi hapa hapa Dar es Salaam, na nianze kwa kukutoa wasiwasi: anthuriamu zako hazikufa kwa kiu. Ziliungua jua, na zikaungulia mahali ambapo wewe mwenyewe ulipakagua na kuona kivuli. Kosa ni la mwezi uliochagua kukagua.

Sisi wa Dar es Salaam tuko kusini mwa ikweta kwa karibu digrii 7. Maana yake ni kwamba jua la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, saa 6 mchana jua huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo nyumba hutupa kivuli chake kusini. Mwezi wa Juni, ambapo jua limekwenda kaskazini kabisa, ukuta wa nyumba wenye kimo cha mita 3 hutupa kivuli cha takribani mita 1 na robo tatu. Ukanda wako una mita moja na nusu. Umefunikwa wote na kivuli kikabaki. Ndicho ulichokiona. Lakini karibu na tarehe 10 Oktoba jua hupita utosini, na kwa kuwa ukanda wako umelala mashariki hadi magharibi, jua hilo huufuata kwa urefu wake tangu asubuhi mpaka jioni, nyumba na uzio visiweze kuukinga. Mwezi wa Desemba jua liko kusini kidogo, na uzio wako wa mita 2 hutupa kivuli cha sentimita 60 tu. Sehemu iliyo karibu na ukuta wa nyumba inabaki wazi, tena inapata joto linalorudishwa na ukuta wenyewe. Mwanzoni mwa Machi jua linapita utosini tena. Kwa hiyo hapo nyuma, mama, si mahali pa kivuli. Ni mahali pa kivuli cha msimu, na mmea utakaouweka hapo lazima uwe wa kuvumilia hali zote mbili.

Mimea ya aina hiyo ipo. Wa kwanza ni ule wenye maua yanayosimama kama mishumaa ya manjano, na ndani ya manjano hayo hutokeza vijiua vyeupe. Wataalamu huuita Pachystachys lutea, na sisi kitaluni tunauita tu "mshumaa". Ni kichaka cha mita moja hivi, kinachipua kwa kipandikizi bila taabu, na kikishamaliza kuchanua ukikata ncha zake kinatoa matawi mapya na maua mapya. Wa pili ni krosandra, wenye maua ya rangi ya chungwa, ambao kwa kawaida huwa mfupi na huendelea kuchanua kwenye kivuli chepesi kwa miezi mingi. Panda mishumaa karibu na ukuta wa nyumba, krosandra mbele yake. Anthuriamu zilizosalia zing'oe na kuziweka kwenye vyungu, ili Oktoba ikikaribia uzihamishe. Usizipande tena kwenye udongo mtupu wa kichanga. Changanya makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa na mkaa uliovunjwa vipande vidogo, kwa kuwa mizizi yake inataka hewa. Makumbi yaloweke kwanza kwa siku mbili tatu na kubadilisha maji, yatoe chumvi.

Na hapo kwenye chumvi ndipo panaponipeleka kwenye kisima chako. Visima vingi vya hapa mjini vina maji yenye chumvi. Ukiona ncha na kingo za majani zinakauka na kuwa kahawia huku katikati ya jani pako kijani, hiyo ni chumvi. Ukiona mabaka yaliyopauka katikati ya jani, upande ule unaotazama juu, hilo ni jua. Kwa maelezo yako huenda una yote mawili. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mimea ya vyungu.

Sasa mwembe. Wapo wanaosema mwembe una sumu inayoua kila kinachopandwa chini yake. Kwa niliyoyaona, sababu kubwa ni kiu na giza. Mwembe haupukutishi majani yote kwa pamoja, kwa hiyo kivuli chake ni kizito mwaka mzima, na mizizi yake midogo imetandaa karibu na uso wa ardhi, inakunywa maji kabla ya mmea mchanga kuyafikia. Mvua ndogo haifiki hata chini. Inaishia kwenye majani. Fanya hivi: subiri maembe yaishe, kisha mwezi wa Februari mwite mtu mwenye msumeno akupunguzie matawi ya chini na machache ya ndani, jua lipenye kwa madoadoa. Halafu chukua kisu kirefu, si jembe, uchome ardhi polepole kutafuta nafasi kati ya mizizi minene. Kila nafasi unayoipata, chimba kishimo cha ukubwa wa kichwa cha mtu, jaza mboji iliyooza vizuri, panda mche mdogo. Mche mkubwa utakulazimisha kukata mizizi. Na tafadhali usimruhusu fundi bustani akumwagie toroli kumi za udongo mpya kuzunguka shina, maana gome lililofukiwa huoza na mwembe utaanza kufa taratibu bila wewe kujua chanzo.

Majani makavu ya mwembe usiyafagie yote. Ni matandazo ya bure, ingawa ni magumu na huchelewa kuoza; yakatekate kwa panga kwanza.

Mwana wa Likoni alijibu:

Shikamoo mama, na pole kwa hasara. Mwenzangu hapo juu amesema vizuri sana, nami sina la kupunguza. Ila nimesoma orodha yake nikaona mimea iliyotoka Amerika na Asia, nikajiuliza kwa nini watu wa pwani tunausahau mkilua.

Mkilua ni mti mdogo wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kwao ni chini ya miti mikubwa, kwa hivyo kivuli hakiugombi. Ua lake si la kupendeza macho sana. Ni la manjano yenye ukijani, na mgeni anaweza kupita kando yake asilione. Lakini harufu yake! Mama zetu walilichuma ua hilo, kilua, wakalitia katika kikuba, kile kishada cha kunukia, pamoja na asumini na rehani, na bibi yangu alikuwa akikiweka kati ya nguo ndani ya sanduku. Mwaka 1970 mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouelezea mti huu kisayansi, hakutafuta Kilatini cha kuiita jenasi yake, yaani kundi lake la kisayansi. Alichukua neno letu kama lilivyo, akauita Mkilua fragrans. Jambo la ajabu ni kwamba jamaa zake wa karibu katika ukoo wake wa mimea wote wako Amerika, ng'ambo ya bahari. Ni huu mmoja tu uliobaki Afrika.

Niwe mkweli: hauna haraka. Wangu niliupanda ukiwa na kimo cha goti, chini ya mkungu uliokuwa na kivuli kizito, na nilingoja miaka minne kabla ya kuona ua la kwanza. Katika miaka miwili ya mwanzo niliumwagilia mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi, kisha nikauacha. Hautaki kuhamishwahamishwa, kwa hivyo mahali utakapouweka pawe pa kudumu. Mimi ningeuweka nje kidogo ya mwavuli wa mwembe, upande ambao upepo wa baharini unaingilia ndani ya nyumba.

Asumini yenyewe usiipande hapo, mama. Itatambaa na kurefuka, lakini kuchanua inataka jua.

Bibi wa Mbezi aliandika:

Marahaba wanangu, na ahsanteni sana. Nimekwenda na futi kamba mchana huu. Uzio una mita 2 na sentimita 10, na kivuli chake saa 6 na nusu kilikuwa na sentimita 58. Nimecheka peke yangu. Naomba mtu aniambie pia kuhusu yale maua yenye mashina ya majimaji ambayo nilikuwa nikiyaona kando ya vijito nilipokuwa nikifundisha Korogwe. Tumba lake la mbegu ukilibana kwa vidole linapasuka na kujikunja kama mdudu. Je, yanaweza kuishi Dar es Salaam? Na zile haidrenjia za bluu za Lushoto?

Msambaa wa Soni alijibu:

Shikamoo mwalimu. Hayo ya kupasuka ni impatiensi, na usishangae kuyaona huko, kwa maana ile ambayo dunia nzima inaiuza kwenye vyungu, Impatiens walleriana, asili yake ni Afrika Mashariki, kuanzia Kenya mpaka Msumbiji. Dar es Salaam itaishi, lakini ni mmea usiojificha: ukikosa maji asubuhi, saa 8 mchana umelala chini kama aliyezimia, na ukimwagiliwa jioni umesimama. Chini ya mwembe wako, ambapo mizizi inakunywa kila kitu, usiipande ardhini. Ipande kwenye ndoo za zamani za rangi, zilizotobolewa chini, na uzipange kati ya mizizi. Kipandikizi cha urefu wa kidole ukikitia kwenye glasi ya maji kitatoa mizizi baada ya wiki moja au mbili.

Haidrenjia uiache huku kwetu. Inataka usiku wa baridi, na joto la Dar es Salaam litakupa majani yaliyonyauka tu. Hata ile bluu unayoikumbuka si sifa ya mmea peke yake, bali ni ya udongo: udongo wetu wa milimani una tindikali, na hapo ua hunyonya alumini likawa bluu. Mche ule ule ukiupanda kwenye udongo wenye chokaa, ua linageuka waridi. Jirani yangu alijenga nyumba, mafundi wakamwaga mabaki ya saruji kando ya kichaka chake, na baada ya misimu miwili upande mmoja wa kichaka ulikuwa wa bluu na mwingine wa waridi. Alifikiri amerogwa.

Kuna ua moja dogo ambalo hukulitaja, nami naona linakufaa kuliko yote kwa kibaraza chako. Ni lile ambalo Wajerumani mpaka leo huliita kwa jina la milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani eneo la Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland wa Hannover akalipa jina la Saintpaulia. Watu hudhani ni ua la baridi kwa kuwa linahusishwa na milima, kumbe baadhi ya yaliyochumwa mwanzoni yalitoka kwenye misitu ya chini, karibu na mji wa Tanga. Joto si adui yake. Adui zake ni jua kali, ukavu wa hewa na maji yanayotuama kwenye mizizi. Kule msituni Amani, huko huko Usambara, utaliona limejishikiza kwenye jiwe lenye ukoga wa kijani, ambako mtu angedhani hakuna udongo kabisa.

Namna ya kulizalisha ni hii. Chagua jani la safu ya katikati, si lile la zamani la chini wala changa la juu. Likate pamoja na kikonyo chake, ubakishe kikonyo cha sentimita 3, ukikate mshazari. Kichomeke kwenye mchanganyiko wa mchanga mzito na mboji iliyochekechwa mpaka jani liguse udongo, kisha funika kopo kwa mfuko mweupe wa nailoni ili unyevu usitoke. Weka mahali penye mwanga usio wa jua la moja kwa moja. Baada ya miezi miwili hivi, chini ya jani lile la mama utaona vijani vidogo kama masikio ya panya. Unapomwagilia, mwagia udongo, usimwagie majani, hasa kwa maji ya baridi, maana yanaacha mabaka. Na halina sumu. Mjukuu akilionja, hasara ni ya ua.

Nakuomba jambo moja tu, mwalimu. Akija mtu kukuuzia yaliyong'olewa msituni, usinunue. Spishi zake kadhaa ziko hatarini, na nyingine zinaishi katika eneo dogo mno. Jani moja kutoka kwenye chungu cha rafiki linatosha kukujazia kibaraza.

Afisa Afya Mstaafu alijibu:

Naunga mkono yote, ila naongeza mambo mawili ambayo wapenda maua huyapitia juu juu. La kwanza ni mtoto. Anthuriamu, spathifilamu yenye ua jeupe na kaladiamu yenye majani ya rangirangi zote zina chembechembe kali kama sindano ndani ya majani. Mtoto akitafuna, mdomo na ulimi huwaka na kuvimba. Ziwekwe juu, mahali asipofika, mpaka afikishe umri wa kuambiwa akaelewa.

La pili ni mbu. Visahani vya chini ya vyungu, na bromelia zinazoshika maji katikati ya majani yake, ni mahali pa kuzalia mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana na ndiye anayeeneza dengue. Dar es Salaam tulitikiswa na ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Jaza mchanga kwenye visahani, maji yasionekane, na bromelia usiziweke kabisa kwenye eneo mnalokaa jioni.

Bibi wa Mbezi aliandika:

Narudi baada ya masika kutoa taarifa, kwa sababu sipendi mtu aulize asaidiwe kisha atoweke.

Matawi ya mwembe tuliyapunguza katikati ya Februari. Nilitafuta nafasi kwa kisu kama nilivyoelekezwa na kupata kumi na moja. Katika nafasi ambazo nilidhani ni udongo mtupu, kisu kilikuwa kikigonga mzizi kila baada ya nusu shubiri. Bogenvilia tatu nimezihamishia langoni, kwenye jua, na moja tayari imechanua. Mishumaa minane ipo kando ya ukuta wa nyuma na yote imeshika. Mbegu za krosandra nilizikausha kwenye sinia dirishani. Mvua ilipozirushia matone, vikasha vya mbegu vikaanza kupasuka na kurusha mbegu mpaka kwenye kitanda, na mjukuu akataka turudie.

Impatiensi za kwenye ndoo zilipendeza kwa wiki tano, kisha konokono wakazimaliza kwa usiku mbili. Nimeanza upya na vipandikizi vya kwenye glasi, na ndoo sasa nimezipandisha juu ya matofali, ambayo nimeyazungushia majivu, ingawa kila mvua inanilazimu kuyarudishia. Mkilua nimeupata kwa ndugu yangu wa Tanga, mche wenye majani saba, na jana umeongeza la nane. Anthuriamu sita ziko kwenye vyungu vya makumbi, juu ya rafu ya kibaraza. Kwenye kalenda ya jikoni nimezungushia wino mwekundu tarehe 25 Septemba, niangalie kama jua la Oktoba litafika mpaka hapo rafuni.